Kengele ya Saa ya Wageni

Mbele ya kibanda cha chai, pale njia ya mahujaji inapoanza kupanda mlima, Chigusa, mwongozaji wa wageni, alikuwa amepiga goti akimfunga kamba za viatu daktari wa meno kutoka Australia. Daktari alikuwa na tumbo kubwa, mikono yake haikufika chini vizuri. Wageni wengine walikuwa wanakula matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani, na mmoja alikuwa ameubandua mwani wote akauweka pembeni kwa adabu, akidhani ni karatasi. Chigusa alisimama, akajipangusa goti, akarudia maelezo ya njia kama anavyoyarudia kwa kila kundi.

Mawe ya kijani yanateleza. Nyoka ukimwacha, naye atakuacha. Marehemu wakipita, sogeeni upande wa mlima muwaachie upande wa bonde. Msiwapige picha usoni, na msiwaite kwa majina, maana marehemu akigeuka nyuma hupotea njia.

"Watapita wengi?" aliuliza Bi Annelies, mwalimu mstaafu kutoka Uholanzi. "Matangazo ya kampuni yenu ya matembezi yalisema tutawaona."

"Inategemea na hali ya hewa," alijibu Chigusa, kama kampuni ilivyomfundisha.

Bi Annelies alishukuru. Alikuwa mama mwema kabisa, tena niseme mapema, maana watu wa kijijini kwetu wakisimuliwa habari hii hupenda kumtukana. Alikuwa amejifunza kusalimia kwa lugha yetu, na kila alipofika kwenye sanamu ya njiani alivua kofia.

Moyo wa Chigusa haukuwa njiani siku hiyo. Mama yake, Mitsue, alikuwa kitandani tangu mavuno ya mpunga, na juma hilo alikuwa ameacha hata kulalamikia chakula, jambo ambalo kwa Mitsue lilikuwa baya kuliko homa. Chigusa alikwenda kwa Bwana Nakagaito, meneja wa kampuni ya matembezi, akaomba apumzishwe. Bwana Nakagaito alivuta pumzi kati ya meno, akainamisha kichwa, akasema, "Kwa majira haya ya majani mekundu, hapo patakuwa pagumu kidogo." Huku kwetu maneno hayo maana yake ni hapana, na hakuna anayeuliza mara ya pili. Basi Chigusa akavaa viatu akaenda kazini.

Huku kwetu mtu akifa, jambo la kwanza si kulia. La kwanza ni kuosha mchele. Unapikwa wali wa kichwani, unajazwa bakuli moja mpaka uwe kilima, vijiti vinachomekwa wima katikati, na bakuli linawekwa karibu na kichwa cha marehemu. Wakati wali uko motoni, marehemu mwenyewe hayupo nyumbani. Amechukua tawi bichi la mshikimi, mti tunaoweka makaburini, anapanda nalo hadi hekalu la mlimani. Anaigonga kengele mara moja, anaacha tawi, anakwenda zake. Wali ukiiva kabla hajagonga, njia inafungwa. Hapo hurudi nyumbani akakaa.

Zamani jambo hili halikumsumbua mtu. Chungu kilikuwa cha chuma, moto wa kuni, na mzee mwenye pumu aliweza kupanda, kugonga kengele, hata kusimama kidogo aitazame bahari kwa mbali. Kisha paa la hekalu likaanza kuvuja. Kampuni ya matembezi ikaweka paa jipya la shaba, zuri kwa kweli, na hekalu halikuwa na kitu cha kushukuru nacho ila kengele. Tangu hapo kuna saa ya wageni. Wageni wakifika, kengele ni yao, na marehemu wanangoja kwenye benchi karibu na choo.

Ndiyo maana kijijini siku hizi nyumba nyingi zina mtu aliyerudi. Hawana ubaya. Hawali, wanavuta mvuke wa chai tu. Shida yao ni baridi, baridi ambayo haiondoki. Mume wa Bi Uenaka amekaa miguu chini ya meza ya moto, ile yenye kipasha joto chini yake, tangu mwaka ule wa paa, na bado anauliza kama kuna mtu amewasha. Bi Uenaka anamjibu, "Nimewasha, baba, nimewasha," na kumuongezea blanketi. Jamani, mtu anachoka.

Kundi lilikuwa limefika kwenye mierezi mikubwa wakati marehemu wa kwanza alipopita. Alikuwa Bwana Shiotani, aliyekuwa tarishi wetu, ambaye alihamia Osaka kwa binti yake. Alikuwa amevaa kofia yake ya kazi, tawi mkononi. Wageni walisogea upande wa mlima kama walivyoelekezwa.

"Pole kwa safari," Chigusa alimwambia akiinama.

"Mimi sina haraka," alisema Bwana Shiotani. "Binti yangu hajui kupika. Sufuria ya umeme kaibonyeza kitufe cha uji, kile cha polepole. Nina muda hadi jioni."

Akapita akipiga mluzi. Chigusa alitabasamu kidogo, akageuka kuendelea na safari.

"Samahani, napita," ilisema sauti kutoka mwisho wa kundi. "Samahani, jamani. Samahani, baba, sogeza hilo tumbo."

Chigusa aliijua sauti hiyo. Mama yake alikuwa anapanda katikati ya wageni akiwa na aproni yake ya maua ya buluu na viatu vya mpira vya shambani, ameshika tawi la mshikimi kama mwiko. Moyo wa Chigusa ulikatika. Alitaka kuketi palepale kwenye tope alie kama mtoto, lakini wageni wote walikuwa wanamtazama yeye ili wajue wafanye nini. Akawaonyesha kwa mkono upande wa mlima.

"Mama."

"Ee. Nimeondoka, mwanangu. Usilie mbele ya wageni, utawaharibia matembezi."

"Uliumia?"

"Nilikuwa nimelala. Lakini goti linauma vilevile. Watu wanasema ukifa maumivu yote yanakwisha. Waongo wakubwa hao." Hakusimama. Chigusa alilazimika kutembea kwa haraka kando yake. "Niache nipite. Huyo mdogo wako kabonyeza kitufe cha haraka."

"Kitufe gani?"

"Cha sufuria! Nimesikia kwa masikio yangu, pii, pii. Nimempigia kelele, lakini tayari nilikuwa nimeshakufa."

Simu ya Chigusa hushika mtandao palipo jiwe la sanamu ya mtoto, na hapo ikaita. Alikuwa Kosaku, mdogo wake, ambaye ndiye anayesimamia nyumba ya wageni ya familia.

"Dada, mama..." alisema Kosaku.

"Najua. Yuko hapa na mimi."

"Kashafika huko?"

"Kosaku, umepika kwa haraka?"

Upande wa pili alisikika akipenga kamasi. Kisha Kosaku akasema, "Wageni wako wanalala kwetu leo, dada. Wanataka wali wao. Sufuria ni moja tu, ile nyingine iliungua tangu kiangazi. Nilimwomba meneja awapeleke kwingine, akasema patakuwa pagumu kidogo. Sikufikiri. Niuchomoe waya?"

"Usiguse!" alisema Chigusa.

Wali wa kichwani ukikatishwa nusu, marehemu hubaki nusu njia, na hao tunawajua, wako wawili watatu kule kwenye mierezi wanazunguka mti mmoja. Wala haupikwi mara ya pili. Maji yakimwagika hayazoleki. Kosaku alianza kulia kwenye simu, mtu mzima mwenye ndevu, na Chigusa akamwambia afunike kioo cha ukutani na awaite majirani.

Hekaluni saa ya wageni ilikuwa imeanza. Mtawa kijana alikuwa anawavisha wageni vitambaa vyeupe shingoni na kuwapanga mstari, na mgeni wa kwanza alikuwa ameshaivuta kamba ya gogo linaloigonga kengele. Kengele ile ni kubwa, na mtu hagongi mpaka mlio wa mwenzake umeisha wote. Mlio wake ni mrefu. Unazunguka mabonde, unapotea, unarudi tena kidogo, na mtawa hutega sikio kabla hajamruhusu mwingine.

Kwenye benchi karibu na choo alikuwa amekaa Bwana Shiotani peke yake. Alipomwona Mitsue anapanda ngazi akivuta mguu, alisimama.

"Bi Mitsue, kaa hapa mbele. Wageni wakimaliza, utangulie wewe."

"Aa, hapana. Wewe umefika kwanza."

"Tangulia tu, mimi napikiwa uji."

"Hapana bwana, zamu ni zamu."

"Nakuomba, Bi Mitsue."

"Haya basi, nitakuwa nimekukosea adabu," alisema Mitsue, akaketi mbele. Hivyo ndivyo tunavyoishi huku. Anayepokea kitu kinapotolewa mara ya kwanza, watu humtazama kama mlafi.

Chigusa alimfuata mtawa. Mtawa alikuwa kijana wa watu, macho yakamwenda chini. "Dada, mimi ningependa sana. Lakini ratiba ni ya kampuni. Mpigie meneja."

Alimpigia. Bwana Nakagaito alimpa pole, tena pole ya kweli, maana alikuwa amekula kwa Mitsue miaka mingi na alipenda figili zake za chumvi. Chigusa alisikia pumzi ikivutwa kati ya meno. "Nikimruhusu mama yako, marehemu wengine nitawaambia nini? Hapo, Bi Chigusa, patakuwa pagumu kidogo." Mnyonge hana haki, na aliyekufa ni mnyonge kuliko wote, kwa sababu hata kugoma hawezi.

Chigusa alirudi kwenye mstari. Mwongozaji hutakiwa kusimama karibu na kengele na kuwaeleza wageni maana yake, akaeleza. Alisema kengele huondoa mzigo moyoni. Daktari wa meno aligonga kwa nguvu zake zote, akacheka kwa furaha, na mlio ukaenda, ukaenda, ukaenda. Mitsue alikuwa anajisugua goti kwenye benchi. Majani ya tawi lake yalikuwa yameanza kujikunja ncha, na hiyo ni dalili kwamba maji yamekauka sufuriani na wali umeanza kutulia.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Bi Annelies. Alishika kamba, akageuka, akamwona yule mama mzee wa aproni. Akaiachia kamba.

"Bi Chigusa," alisema, "huyu bibi anaumwa mguu na amengoja sana. Naweza kumpa zamu yangu?"

Chigusa alimtazama mtawa. Mtawa alifikiri, akasema zamu ni mali ya mgeni, na mgeni akitaka kumpa mtu, hakuna amri inayomkataza. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Chigusa alimshika Bi Annelies mkono. Walikwenda wote wawili hadi kwenye benchi, na Bi Annelies akakivua kitambaa cheupe shingoni, akamnyooshea Mitsue kwa mikono miwili, kama alivyojifunza.

"Tafadhali, mama. Chukua zamu yangu."

Chigusa alitafsiri. Uso wa Mitsue ulichanua. Tangu siku za mavuno hakuwa na uso kama ule. Alisimama, akaweka mikono kwenye mapaja, akainama chini kabisa, akasema kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa huku kwetu angesema.

"Aa, hapana, hapana. Wewe umetoka mbali. Piga wewe."

Huku kwetu hapana ya kwanza ni hodi tu. Chigusa alijua. Mtawa alijua. Bwana Shiotani alijua, akawa anatabasamu akingoja ya pili. Na Mitsue mwenyewe alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono, kidogo, kwa chini, karibu na aproni. Chigusa alitafsiri neno alilolisikia, hapana, umetoka mbali, akameza mate ili aongeze lililobaki, kwamba muulize tena, Bi Annelies, muulize mara moja tu tena. Lakini machozi aliyokuwa ameyazuia tangu kwenye mierezi yalimkaba koo palepale, na sauti haikutoka.

Bi Annelies alikotoka, hapana ni hapana, na anayeuliza mara ya pili ni mtu asiyeheshimu wenzake. Miaka yote ya kufundisha aliwafunza watoto hivyo. Aliweka mkono kifuani, macho yake yamelowa, akainama kwa Mitsue chini kuliko alivyokuwa ameinamiwa. Kisha akarudi kwenye kengele, akaivuta kamba na kugonga.

Aligonga vizuri, si kwa fujo. Mlio ulikwenda kwenye bonde la kwanza, ukaingia la pili. Hakuna aliyesogea. Mkono wa Mitsue ulikuwa bado umenyooshwa nusu, naye aliutazama kama si wake, akaurudisha kwenye mfuko wa aproni. Mlio ulikuwa haujaisha aliponyanyua pua.

"Umeiva," alisema.

"Mama, ngoja. Labda bado."

"Chigusa, nimepika wali maisha yangu yote. Umeiva." Alilitazama tawi lake, ambalo lilikuwa limekauka lote, akalilaza kwenye benchi. "Amegonga vizuri, lakini. Ana mkono mzuri huyo mama."

"Pole, Bi Mitsue," alisema Bwana Shiotani.

"Si kitu, bwana. Nisalimie walioko huko."

Akaanza kushuka ngazi moja moja, kwa upande, kwa sababu ya goti. Hakusema samahani safari hii, maana hakuwa anampita mtu.

Chigusa alilia hapo. Alilia mbele ya wageni, nao wakamzunguka wakimpa leso na maji, na daktari wa meno akamvunjia kipande cha chokoleti. Aliwaambia mama yake amefariki leo. Hakuwaambia lingine. Angewaambia nini, na wao wangefanya nini? Bi Annelies alimkumbatia kwa muda mrefu, na Chigusa akakubali kukumbatiwa. Kisha akawakumbusha wakaze kamba za viatu, maana kushuka kunaumiza vidole kuliko kupanda.

Jioni wageni walikula nyumbani kwa akina Chigusa, kama ratiba ilivyosema. Meneja alikuwa amepiga simu kumwambia Kosaku asibadilishe chochote, wageni watapenda kuona maisha yetu yalivyo. Katika chumba cha ndani mwili wa Mitsue ulikuwa umelazwa, kitambaa cheupe usoni, bakuli la wali karibu na kichwa, na majirani wamepiga magoti pembeni. Mitsue mwenyewe alikuwa amekaa sebuleni karibu na jiko la mafuta ya taa. Majirani walipompa pole Chigusa, walimpa na yeye.

Kosaku alipakua wali wa wageni kutoka sufuria ileile. Punje zikadondoka mkekani, akaziokota moja moja.

"Nisamehe, mama," alisema bila kumtazama.

"Acha hayo. Wali wa wageni haukushika chini?"

"Haukushika."

"Basi wape kabla haujapoa."

Walipokuwa wanakula, Bi Annelies alisimama na kikombe chake cha sake, pombe yetu ya mchele. Alimwomba Chigusa atafsiri. Alisema ametembea sehemu nyingi duniani, ameona milima mirefu kuliko hii, lakini kitu atakachokwenda nacho nyumbani ni yule bibi wa hekaluni, mwenye goti baya, ambaye alipewa zamu akaikataa kwa ajili ya mtu asiyemjua. Alisema hajawahi kutendewa wema kama huo. Alisema amefurahi kumkuta hapa, na ameshaamua kurudi mwakani.

Chigusa alitafsiri yote, neno kwa neno. Majirani chumba cha pili walitazamana. Mitsue aliinamisha kichwa mara kadhaa, "Aa, si kitu, si kitu."

"Muulize," alisema Bi Annelies, "kuna chochote ninachoweza kumfanyia?"

Chigusa aliuliza. Mitsue alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta kitu kabatini.

"Hakuna, mwambie. Namshukuru," alisema. "Ila kama hatajali, asogee kidogo. Amenizibia moto."

Bi Annelies alisogea upesi, akiomba radhi tena na tena. Mitsue aliinyoosha mikono yake mbele ya jiko, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akamuuliza Kosaku kama limewashwa. Lilikuwa limefunguliwa hadi mwisho.